Kitanda namba 9: makazi ya wazee yaliyofaulu ukaguzi, na kidonda ambacho hakuna aliyekiona

Tarehe 11 Juni timu ya watu watano ilikagua makazi ya wazee nje kidogo ya mji wa Tabora na kuandika kwamba hali ni ya kuridhisha. Siku 67 baadaye, mzee wa miaka 74 kutoka makazi hayohayo alifikishwa hospitali ya rufaa ya mkoa akiwa na kidonda juu kidogo ya makalio, upana wa kiganja, kina cha kufikia mfupa. Kidonda cha mgandamizo, kinachotokana na kulalia upande mmoja muda mrefu, kinaweza kuanza ndani ya saa chache tu, lakini hiki kingo zake zilikuwa zimejikunja kwa ndani na nyama ya katikati imekufa. Hizo ni dalili za wiki nyingi. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali aliandika barua kwa mwenzake wa halmashauri, na swali lililokuwa mezani halikuwa tu nani alimpuuza mzee. Lilikuwa pia: wale watu watano, siku ile, walipita wapi?

Makazi na watu wa kisa hiki ni wa mfano. Hesabu, taratibu na makosa ndivyo vilivyo, na ndiyo sababu ya kuviandika.

Makazi ni ya taasisi ya hiari, siyo ya serikali. Yana wazee 42 katika mabweni mawili na chumba kimoja cha nyuma chenye vitanda vitano, ambako hulala wasioweza kuinuka. Historia zao ni zilezile za magharibi ya nchi: wanaume waliokuja kwa treni kutoka Kigoma wakiwa vijana, wakalima tumbaku ya watu wengine Urambo na Sikonge, nguvu zikaisha bila mke wala shamba, wengine wakoma wa zamani waliopona ugonjwa lakini vidole havikurudi, na akina bibi waliokimbizwa vijijini kwa kuitwa wachawi, kosa lao kubwa likiwa macho mekundu ya miaka hamsini ya moshi wa kuni. Jambo hili la mwisho litarudi, kwa maana linaamua mzee atamjibu nini mkaguzi.

Ukaguzi wa Juni ulitanguliwa na barua ya siku saba. Timu ilifika saa 4 asubuhi, ikaondoka saa 7 mchana baada ya kula wali na kuku wa wenyeji. Afisa afya alipima umbali wa choo na kisima, akaangalia jiko na shimo la taka. Mtu wa zimamoto aliangalia mtungi wa kuzimia moto: mshale kwenye kijani, pini ipo, umening'inizwa mahali panapofikika. Mhandisi alitazama paa. Mhasibu alipitia risiti. Afisa ustawi wa jamii alihesabu majalada, yakawa 42, kila moja na picha. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia ngozi ya mtu.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Zanzibar ilitunga sheria ya wazee mwaka 2020. Kwa upande wa Bara, mkaguzi wa makazi kwa miaka mingi alizoea kusimama juu ya Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, kisha kuazima meno kutoka sheria za sekta: Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, ya Zimamoto na Uokoaji ya 2007, ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Kila sheria ina kipande chake cha jengo au cha mtu. Ukizipanga zote mezani utapata choo, ngazi, mtungi, mkataba wa mhudumu na njia ya kiti cha magurudumu. Mgongo wa mzee asiyegeuzwa usiku unadondoka katikati yake.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa siku ile. Wageni waliambiwa "wamelala, wasisumbuliwe", saa 5 asubuhi, nao kwa adabu wakapita.

Saa 11 alfajiri

Ukaguzi maalumu ulifanyika Alhamisi ya tarehe 21 Agosti bila barua. Watu wanne: afisa ustawi wa jamii, muuguzi kutoka hospitali ambaye hakuwahi kufanya kazi na makazi hayo, afisa afya, na mjumbe wa baraza la wazee la kata anayejua Kinyamwezi na Kiha. Walikuja na chai yao kwenye chupa. Jambo dogo, lakini aliyekwisha kula kuku wa mwenyeji huona haya kufunua shuka la mwenyeji. Wakafika saa 11 na dakika 10 alfajiri, kabla zamu ya usiku haijabadilika.

Cha kwanza walichokuta ni kufuli. Mlango wa bweni la wanaume ulikuwa umefungwa kwa nje, ufunguo uko kwa mlinzi getini, mita sitini hivi. Sababu ilikuwa ya kweli: kuna mzee aliyepoteza kumbukumbu ambaye huamka usiku kwenda kutafuta ng'ombe wake, na mara moja aliokotwa barabarani. Lakini bweni lile lina vyandarua ishirini na kitu, godoro za sponji, na umeme ukikatika huwashwa mishumaa. Mtungi wenye mshale kwenye kijani ulikuwa nje ya mlango huohuo uliofungwa. Mchana mlango huwa wazi, kwa hiyo mkaguzi wa saa 4 asubuhi hawezi kuliona kufuli hata akiwa na macho manne.

Ndani alikuwepo mhudumu mmoja kwa wazee 41 waliobaki. Kwenye ukuta wa chumba cha nyuma lilining'inia daftari la kugeuza wagonjwa, safu moja kwa kila saa mbili: saa 2 usiku, 4, 6, 8, 10, 12. Safu zote zilikuwa na alama ya vema kwa kalamu ile ile, hadi safu ya saa 12 asubuhi. Saa ya muuguzi ilisoma 11 na robo.

Ni rahisi kumkasirikia mhudumu hapo, na ndivyo ripoti nyingi zinavyoishia: "mhudumu apewe onyo". Muuguzi alikaa akafanya hesabu badala yake. Wasiojiweza kwa kawaida ni watano. Kila mmoja mara sita kwa usiku ni migeuzo 30. Kugeuza mtu mzima bila kuikwangua ngozi yake kunataka watu wawili na shuka la kunyanyulia, siyo kuvuta. Ukihesabu kubadilisha nepi, kunyoosha shuka, kumwekea mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee, ni kama dakika saba. Dakika 210, saa tatu na nusu za watu wawili. Mhudumu mmoja hana hizo saa tatu na nusu hata akiwa malaika, maana mtu wa pili hayupo. Daftari lilikuwa limemwomba kitu kisichowezekana, naye akalijibu kwa namna pekee iliyobaki. Aliyepanga zamu ndiye wa kuulizwa, na aliyepanga zamu ni mfawidhi, yaani msimamizi wa makazi, na mfawidhi alipewa bajeti ya wahudumu wa usiku wawili kwa mabweni mawili. Chumba cha nyuma hakikuwepo kwenye hesabu kwa sababu zamani kilikuwa stoo. Wa pili kati ya hao wawili aliacha kazi Mei.

Godoro nazo zilipimwa kwa mkono. Unaingiza kiganja chini ya godoro, kikielekea juu, mahali makalio ya mgonjwa yalipo. Ukiuhisi mfupa wake, na sponji iliyobaki kati yenu haifiki sentimita mbili na nusu, godoro limekufa. Matatu kati ya matano yalikuwa yamekufa, pamoja na la kitanda namba 9. Kwa godoro la aina hiyo hata kugeuzwa kila saa mbili hakutoshi.

Kisha wanne waliobaki walitazamwa ngozi, mmoja mmoja, kwa ruhusa yao, pazia likiwa limevutwa. Hapa kuna kosa linalofanywa na watu waliosoma vizuri. Vitabu husema tafuta wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Unatafuta doa lililokoza zaidi, unagusa kwa mgongo wa mkono kama pana joto kuliko jirani yake, kama pamekuwa pagumu au pamelegea kama tunda lililoiva, unauliza kama panauma. Wawili kati ya wanne walikuwa na hatua ya kwanza ya kidonda, mmoja kwenye kisigino na mwingine kwenye nyonga. Wote wawili wangeandikwa "ngozi salama" na mtu anayetafuta wekundu.

Vidonge 187

Mkaguzi akifungua kabati la dawa huwa anatafuta upungufu, kwa kuwa upungufu ni wizi. Safari hii leja ilionyesha ziada, na ziada ni mbaya zaidi.

Wazee 11 waliokuwepo walikuwa wakinywa amlodipini, dawa ya presha, miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Tarehe 1 Agosti vilipokewa vidonge 330, dawa ya siku 30. Asubuhi ya tarehe 21, kabla ya dozi ya siku hiyo, vilipaswa kuwa vimetumika vya siku 20, yaani 220, na kubaki 110. Vilihesabiwa mara mbili mbele ya mfawidhi: 187. Vilizidi 77. Gawanya kwa 11 upate siku saba kamili ambazo hakuna aliyepewa dawa.

Namba inapogawanyika vizuri hivyo siyo uzembe wa hapa na pale, ni utaratibu. Kalenda ikajibu. Tarehe 2 na 3, 9 na 10, 16 na 17 zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Hizo sita. Ya saba ilikuwa Ijumaa ya tarehe 8, Nane Nane. Muuguzi wa makazi hafanyi kazi sikukuu wala mwisho wa wiki, na ufunguo wa kabati hukaa kwenye mkoba wake, kwa sababu miaka iliyopita ripoti ya ukaguzi iliagiza kabati lifungwe na ufunguo uwe kwa mtu mmoja tu. Karatasi za dawa zilikuwa na alama za vema siku zote saba, zilizojazwa Jumatatu asubuhi. Presha ya wazee wale ilikuwa inapanda na kushuka kufuata kalenda ya ofisi.

Daftari la uzito lilikuwa na tundu la namna nyingine. Mzee wa kitanda namba 9 alikuwa na kilo 58 Februari, 57 Machi. Aprili alianguka bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo safu yake ni tupu, kwa sababu mizani ya makazi ni ya kusimama. Hospitali walimpima kwa mizani ya kitanda: kilo 49. Amepoteza kilo 8 kati ya 57, asilimia 14, wakati asilimia 10 kwa miezi sita tayari ni hatari. Ukiangalia daftari lote utaona kwamba wanaopimwa kila mwezi ni wale wazima wa miguu, na wanaohitaji kupimwa ndio wasiopimwa. Dawa ya hilo ni utepe wa kupima mkono wa juu, upande usiopooza, tarehe moja kila mwezi. Utepe huo upo kliniki yoyote ya watoto, na fundi cherehani ana wa kwake. Namba ikishuka miezi miwili mfululizo, mtu huyo anahamia kwenye chakula cha ziada bila kusubiri kikao.

Kwa nini alikonda? Jikoni palikuwa na unga wa kutosha; hesabu ya kilo 21 kwa siku, nusu kilo kwa mtu, ililingana na magunia. Lakini wapishi huondoka saa 11 jioni, kwa hiyo chakula cha usiku huliwa saa 10 jioni, na uji wa asubuhi hutoka saa 2. Saa 16 katikati. Kanuni za Marekani kwa nyumba za wazee kwa kawaida haziruhusu zaidi ya saa 14 kati ya mlo kamili wa jioni na kifungua kinywa, isipokuwa wazee wakipewa kitafunwa chenye lishe kabla ya kulala. Mzee huyu alikuwa wa mwisho kupewa sahani. Ugali wa saa 10 humfikia saa 11 na nusu ukiwa jiwe, na mkono wake wa kulia ulipooza tangu kiharusi.

Maji ni habari ya peke yake. Agosti Tabora ni kiangazi, bomba la makazi hutoka siku tatu kwa wiki, na simtanki ya lita 5,000 ilikuwa na maji nusu. Lakini siyo uhaba uliowakausha wazee wa chumba cha nyuma. Vikombe vyao vilikuwa vimejaa, havijaguswa. Bibi wa kitanda namba 7 alimwambia mjumbe wa baraza kwa Kinyamwezi kwamba akinywa baada ya magharibi atakojoa, akikojoa atamwamsha binti wa watu aliye peke yake, na hapendi kuwa mzigo. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mtu akikaukiwa hivyo ngozi hulegea na kuchanika upesi, mkojo huingia maambukizi, akili hupotea jioni, na majirani wa kitanda huanza kunong'ona kwamba bibi yule ameanza mambo yake.

Namna ya kuuliza

Juni wazee sita walihojiwa ukumbini, mfawidhi akiwa amekaa nyuma yao. Swali: "Mnatunzwa vizuri?" Jibu: "Tunamshukuru Mungu." Wote sita. Mtu aliyefukuzwa kijijini kwa mapanga hawezi kulalamikia paa pekee alilo nalo, na tena mbele ya mwenye paa. Kumwuliza swali la namna hiyo ni kumwomba shukrani.

Agosti mjumbe wa baraza alimwamkia kila mmoja kitandani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ili macho yalingane, akauliza vitu vilivyotokea: "Jana usiku ulipotaka maji ulimwita nani? Akaja baada ya muda gani? Jumapili ulikunywa dawa saa ngapi? Mara ya mwisho kuota jua ni lini?" Watu wanaoogopa kulaumu hawaogopi kusimulia. Majibu ya Jumapili ndiyo yaliyompeleka muuguzi kuhesabu vidonge. Leja ilikuja baada ya mzee, si kabla. Mpangilio huu ndio tunaoupendekeza kwa timu yoyote: chagua wazee watatu, wawili kati yao wasioweza kuinuka, anza na miili yao na maneno yao, kisha fuata kila mmoja hadi kwenye karatasi ya dawa, daftari la uzito, zamu ya usiku, jiko. Majengo yaje mwisho.

Maagizo

Mapendekezo kwenye ripoti ya Juni yalikuwa 23, yote na uzito mmoja: "kupaka rangi bweni" lilisimama sambamba na "kuongeza wahudumu". Ripoti ya Agosti ilipanga kila kasoro kwa maswali mawili, madhara ni makubwa kiasi gani na yanagusa wangapi. Wakaguzi wa Marekani hufanya vivyo hivyo kwa herufi A hadi L, na hufika bila taarifa, muda usiozidi miezi 15 kati ya ukaguzi na ukaguzi. Huhitaji herufi 12. Ngazi tatu zilitosha.

Ndani ya saa 24: kufuli litoke, pawekwe komeo la ndani lililo chini karibu na sakafu, mahali mzee anayetafuta ng'ombe haangalii, pamoja na kengele ya mbuzi juu ya mlango; ufunguo wa pili wa kabati ukabidhiwe mkuu wa zamu kwa kusaini, na vidonge vihesabiwe kila makabidhiano; wawili wenye hatua ya kwanza wasilalie upande ulioumia kabisa. Ndani ya siku saba: mhudumu wa pili wa usiku, magodoro matatu, mlo wa jioni usogee hadi saa 1 usiku au uji mzito utolewe saa 3 usiku. Ndani ya siku 30: mafunzo ya vidonda, utepe, chumba cha nyuma kiingie kwenye bajeti. Kila agizo lilikuwa na jina la mhusika na kitu kitakachoonyesha kwamba limefanyika. "Kuboresha huduma" halikuandikwa popote.

Kulikuwa na sauti iliyotaka makazi yafungwe. Hilo ni la kufikiriwa mara mbili. Kuwahamisha wazee 42 dhaifu kwa basi, mahali pasipo na uso wanaoufahamu, kunaweza kuua baadhi yao, na nyumbani kwa akina bibi wengi hapaendeki. Halmashauri ilichagua kusimamisha kupokea wazee wapya hadi zamu ya usiku ikamilike. Adhabu hiyo humgusa mwenye taasisi bila kumgusa mzee aliye kitandani.

Mhudumu wa zamu ile hakufukuzwa. Aliulizwa ni nani aliyemfundisha kujaza safu mapema, akasema alikuta zinajazwa hivyo. Akaambiwa kwamba kuanzia siku ile safu tupu haina adhabu na safu ya uongo ina adhabu. Agizo hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi kuaminiwa.

Ziara ya kurudia ilifanyika Jumapili ya tarehe 28 Septemba, saa 9 usiku, tena bila barua. Komeo lilikuwepo na kengele ililia. Vidonge vililingana na karatasi hadi kimoja. Kwa mara ya kwanza daftari la kugeuza lilikuwa na matundu, na matundu yalikuwa na mpangilio: safu ya saa 10 usiku ilikuwa tupu kwa usiku tisa kati ya kumi na nne, kwa vitanda vyote vinne. Mhudumu wa pili ameajiriwa, ila saa 10 huitwa jikoni kukoroga uji wa asubuhi. Mfawidhi aliandikiwa siku tatu kumtafutia mpishi msaidizi. Kisigino cha mzee wa kitanda namba 8 kilikuwa kimepona. Nyonga ya bibi wa namba 7 ilikuwa bado ina joto.